Volti Nne, Volti Sita

Kwa miaka yote niliyomfahamu Mwalimu, nilimwona akidanganya mara moja tu. Hakudanganya kwa mdomo. Alidanganya kwa vidole viwili, akizungusha kofia ya chupa ya manukato kutoka sita hadi nne, mchana kweupe, mbele ya nyanya yangu aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na bakora yake magotini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikahisi kama mtu anayeona msikiti ukiinuka na kuondoka.

Kilichokuwa mezani ni sauti ya baba yangu. Kilichokuwa hatarini ni amani ya mwanamke mzee, ambaye kwa miaka zaidi ya ishirini aliweza kulala kwa sababu ya jambo moja aliloliamini kuhusu sauti hiyo. Nitafika huko. Lakini ili ushtuke nilivyoshtuka mimi, sharti kwanza umjue Mwalimu.

Alitufundisha fizikia katika shule ya wasichana hapa Garissa, na alipostaafu akafungua kibanda cha kutengeneza redio nyuma ya soko, upande wa wauza nyasi za punda. Alikataa kuitwa fundi. Mtu akisimama mlangoni na kusema, "Fundi, habari ya leo," yeye aliendelea kulehemu nyaya zake kana kwamba upepo ndio uliosema. Mtu akisema "Mwalimu", aliinua kichwa papo hapo na kuuliza, "Imekufa lini?" Hakuuliza ni nini kilichokufa. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu kazipaka hina, na kikoi chake kilikuwa kimepigwa pasi kila siku, ingawa shati la juu yake lilikuwa limejaa vitundu vya risasi ya kulehemu iliyomrukia.

"Pima, halafu sema." Hayo ndiyo maneno tuliyoyasikia kwake tangu kidato cha kwanza. Msichana mmoja alisimama darasani akasema maji huchemka kwa digrii mia moja, kwa sauti ya mtu anayesoma kutoka kitabuni. "Umepima?" akauliza Mwalimu. Tukachemsha maji. Kipima joto cha shule kikaishia tisini na saba. Tukamtazama tukingoja atuambie la kufanya. Akasema, "Andikeni tisini na saba. Halafu chini yake andikeni kwamba kipima joto hiki hatukiamini. Yote mawili ni kweli."

Nje ya darasa ugonjwa huo ulimgharimu. Mwaka mmoja wa ukame, wazee wa upande wake walizozana na wazee wa upande mwingine kuhusu kisima kimoja njia ya Balambala: kipo karibu na malisho ya nani? Kila upande ulikuwa na mashahidi na viapo vyake. Mwalimu alinunua kamba, akaipiga fundo kila baada ya mita kumi, akatembea siku mbili na punda mmoja. Aliporudi alisimama mbele ya wazee wake mwenyewe, akasema, "Ni chao. Kwa mita mia nne." Binamu zake hawakumsalimia mwaka mzima. Niliposikia kisa hicho nilimuuliza kama aliumia.

"Sana," akasema. "Lakini kamba nilikuwa nimeishika mimi."

Kibanda chake kilipakana na duka la paneli za sola. Siku moja nilikuwepo mwenye duka alipokuwa akimsifia mteja bidhaa yake, mteja mwenyewe akiwa daktari mgeni kutoka bara.

"Banel hii ni orijino kabisa. Wati hamsini. Soma hapa nyuma, imeandikwa."

Mwalimu akatoka na mita yake bila kualikwa, akainama, akagusisha nyaya mbili, akangoja.

"Ishirini na tatu," akasema.

"Adeer," akasema mwenye duka, akimwita ami kwa heshima, "hii banel imekukosea nini wewe?"

"Haijanikosea. Imeandikwa hamsini."

"Leo kuna mawingu."

Sote wanne tukainua macho. Hapakuwa na wingu hata moja tangu hapo mpaka Wajir. Daktari akaanza kucheka, Mwalimu akarudi kwenye redio zake, na jirani akamnunia miezi mitatu. Mwezi wa nne alianza kumletea paneli azipime kabla hajaziweka dukani.

Usidhani alikuwa mtu mkavu. Mtu huyu aliyepima kila kitu hakupima sukari. Aliimimina kwenye chai moja kwa moja kutoka kwenye mfuko wake wa karatasi mpaka binti yake akafumba macho. Alishika nyaya za umeme wa ukutani kama mtu anayesuka nywele, lakini radi ikilia aliingia chini ya meza na kubaki humo akisoma dua, magoti yake marefu yakiwa nje. Alitukataza tusiguse betri kwa ulimi, na kila asubuhi nilimwona akigusa betri kwa ulimi. "Tisa kasoro kidogo," angesema, kisha angepima kwa mita, na ingekuwa tisa kasoro kidogo.

Kile kisanduku chenye kofia ya manukato nilikiona kikizaliwa. Tulikuwa kidato cha tatu, na maabara yetu haikuwa na chochote cha kuendeshea majaribio ila betri zilizokwisha. Tatizo, alituambia, ni kwamba kila kifaa kina kiu yake. Kuna redio inayotaka volti tatu, nyingine sita, nyingine tisa. Ukiipa pungufu inazubaa, ukiipa zaidi inaungua. Alitaka kisanduku kimoja kitakachoweza kukata kiu ya kila kimoja, kwa kuzungusha tu.

Transfoma aliitoa ndani ya kifaa cha kutuliza umeme kilichoungua katika duka la dawa. Kazi yake ilikuwa kuushusha ule umeme mkali wa ukutani uwe mpole. Baada yake akaweka diodi nne, zinazoulazimisha umeme uende upande mmoja tu badala ya kwenda na kurudi. Kisha kapasita nne nene, za ukubwa wa mikebe ya maziwa, zilizofungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli. Hizo aliziita ngamia.

"Umeme hapa unakuja kwa mikupuo, kama maji ya pampu ya mkono," alisema. "Redio ikinywa hivyo italalamika, mmm, mmm, siku nzima. Lakini ngamia anakunywa kwa pupa maji yakiwapo, halafu anatoa kidogo kidogo. Redio haijui kwamba kuna pampu. Inaona mto."

Kilichofuata ni kidhibiti, kijidude cha miguu mitatu kinachoamua ni volti ngapi zitoke. Kwa kuwa hupata moto, alikifunga kwa skrubu kwenye kifuniko cha sufuria ya alumini, na kifuniko hicho akakisimamisha nyuma kama sikio la tembo. Mwili wa kisanduku aliukata kutoka kwenye mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia ulionunuliwa sokoni katika kambi ya wakimbizi ya Hagadera, nusu ya maandishi ya msaada ikiwa bado inasomeka ubavuni. Cha kuzungushia alikivalisha kofia ya dhahabu ya chupa ya manukato ya marehemu mkewe. Mshale wa kuonyesha volti ulitoka kwenye chaja ya zamani ya gari, lakini kadi yake ilikuwa imefifia, kwa hiyo alinipa karatasi nyeupe na kalamu ya wino akaniambia niandike namba upya, kwa kuwa mwandiko wangu ndio uliokuwa na subira. Nikaandika sifuri mpaka kumi na mbili. Nne yangu ilitoka imeinama kidogo. Nilitaka kuiandika upya, akanikataza: "Nne ni nne."

Siku ya kwanza kilipofanya kazi, redio iliyounganishwa ilisoma habari kwa sauti safi hata tukapiga makofi. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Nikakizima, nikachomoa waya ukutani, na redio ikaendelea kuongea kwa pumzi moja zaidi, sauti ikizama, ndipo ikanyamaza. Sikujiuliza ilikuwa ikila nini. Nikafungua kifuniko nikaingiza bisibisi kukaza skrubu iliyolegea. Cheche ya buluu ikapasuka kama fataki. Nilijikuta nimeketi sakafuni, bisibisi mkononi ncha yake imeliwa, na wasichana wenzangu wamejazana mlangoni.

Mwalimu hakunigombeza. Alitoa tasbihi mfukoni.

"Umemzima mchungaji," akasema. "Ngamia bado wameshiba. Kila ukizima, kabla hujafungua, hesabu thelathini na tatu. Polepole, kama baada ya swala."

Tangu siku hiyo hakuna aliyefungua kisanduku bila kuhesabu, na alipostaafu na kukihamishia kibandani, yeye mwenyewe nilimwona akihesabu hata alipokuwa na wateja sita wakimngoja.

Ukutani kibandani kwake palining'inia ubao wa redio ulioungua, mweusi upande mmoja. Wageni walidhani ni takataka. Ilikuwa redio ya mzee mmoja mkimbizi aliyeibeba mgongoni kutoka ng'ambo ya mpaka mpaka Hagadera, na akaja nayo Garissa kwa kuwa alisikia kuna mtu anayejua. Wakati huo Mwalimu alikuwa bado akifundisha, na alikuwa na kisanduku kingine, cha kwanza, kisicho na mshale. Aliipa volti kumi na mbili redio iliyotaka tisa. Yule mzee aliutazama moshi, akasema hakuna neno, akaondoka mikono mitupu. Mwalimu alikwenda Hagadera mara tatu na redio nyingine kwapani, akiuliza mtaa kwa mtaa. Hakumpata. "Nilikisia," ndivyo alivyotuambia kila alipouonyesha ubao huo. Kwa mdomo wake neno hilo lilisikika kama jina la dhambi.

Sasa kaseti.

Zamani hizo wengi wa kwetu hawakuandika barua. Mtu aliyekuwa mbali aliketi mbele ya redio ya kaseti, akazungumza, akamkabidhi dereva wa lori, na watu wake wakamsikiliza walipo. Baba yangu alikwenda Mandera kufanya kazi katika duka la vitambaa nikiwa tumboni. Mama alikuwa kwao Wajir. Ayeeyo, yaani nyanya yangu, mama yake baba, alikuwa malishoni na mbuzi upande wa Balambala, na huko ndiko kaseti ilikomfikia. Akaisikiliza jioni ile na jioni iliyofuata.

"Alisema ni mzima," Ayeeyo alinisimulia utotoni mwangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, "lakini sauti yake ilikuwa inaburuta miguu." Kisha aliiga alivyomwita hooyo, yaani mama. Alishusha kidevu, akaivuta kila silabi kutoka kifuani, kama mtu anayepanda kutoka kisimani na maji begani: Hoo-yo. Ni mii-mi. Nywele zangu zilisimama kila mara.

Kwa kusikia sauti hiyo alijua mwanawe ni mgonjwa na anamficha. Akatuma neno kwa mfanyabiashara wa ng'ombe: mwambieni mama yake anamwita, arudi. Baba akaacha kazi, akapanda lori msimu wa mvua, na lori likachukuliwa na maji kwenye laga, ule mto mkavu unaojaa kwa saa moja. Walimleta Balambala akiwa amefunikwa. Ayeeyo akamzika, akaiviringisha kaseti kwenye kitambaa, akaiweka ndani ya sanduku pamoja na redio, na hakuigusa tena.

Jambo aliloliamini, lililompa usingizi, ni hili: mwanawe alikuwa anakufa tayari. "Angekufa kule peke yake, kati ya watu wasiojua kabila la mama yake," alisema. "Mungu alinisikilizisha, nikamwita, akazikwa na mikono yangu."

Alipozeeka alitaka kumsikia mara moja kabla hajamfuata. Nikambebea Mwalimu redio na kaseti. Aliisafisha kwa spiriti, akaweka mkanda mpya wa mpira ndani, na akaniambia nije Jumamosi kabla ya adhuhuri tuijaribu. Ayeeyo angekuja alasiri.

Nyuma ya redio paliandikwa volti sita. Mwalimu akazungusha kofia ya manukato mpaka mshale ukatua kwenye sita yangu, akabonyeza.

Akatokea kijana anacheka.

"Hooyo, ni mimi. Usinicheke, nazungumza na kisanduku kama mwendawazimu." Sauti ilikuwa nyepesi, ya haraka, maneno yakikanyagana. "Nimenenepa, wallahi. Mwenye duka anasema nikiendelea hivi atavunja mlango aweke mpana." Nyuma yake mtu mwingine akacheka pia. "Mtoto akizaliwa niambieni mapema. Kuna kitambaa chekundu hapa nimekificha chini kabisa, hakuna mteja atakayekiona."

Niliketi juu ya katoni la nyaya. Sikuwa nimewahi kumsikia baba yangu, na huyu alikuwa mdogo kuliko mimi. Alikuwa na afya. Alikuwa na utani. Nilitaka kusema kuna kosa, hii ni kaseti ya mtu mwingine.

Mwalimu akasimamisha kaseti. "Ayeeyo yako huigaje sauti hii?"

Nikaiga, kidevu chini, silabi zikiburutwa. Uso wake ukabadilika.

"Huko malishoni mawe ya redio waliyapata wapi?" Mawe ndilo jina tunaloziita betri zile nene.

Nilimwambia, kwa kuwa Ayeeyo husimulia hilo kwa fahari: mawe yakiisha waliyaanika juu ya mwamba tangu asubuhi, yashike jua, na jioni yalikuwa na nguvu ya kusikiliza habari. Sote tunafanya hivyo.

"Na habari zilisikika vizuri?"

"Vizuri kabisa. Kila jioni."

"Zitasikika," akasema polepole. "Redio huridhika na kidogo. Inayozungusha kaseti ni mota, na mota hairidhiki. Redio itasema sawasawa wakati mota inatambaa, na mwenye redio hatajua."

Akabonyeza tena, akaanza kuzungusha kofia kuelekea chini. Sita. Tano. Kicheko kikaanza kulegea. Mshale ulipofika kwenye nne yangu iliyoinama, kijana yule alikuwa ametoweka, na mahali pake pakawa na mtu mzima, mzito, anayepanda kutoka kisimani na maji begani. Hoo-yo. Ni mii-mi.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua mwenye duka la paneli alichungulia kuuliza kama nimerushwa na umeme.

Hakuwa mgonjwa. Hakuwahi kuwa mgonjwa. Mawe yaliyoanikwa juani yalimfanya asikike mgonjwa, na mama yake akamwita, naye akaja.

"Lazima ajue," nilisema.

"Kwa nini?"

"Wewe unaniuliza kwa nini? Wewe? Pima, halafu sema."

"Nimepima," akasema Mwalimu. "Kusema bado."

"Huo ni uongo."

"Ni volti nne. Ziliwahi kuwa volti nne."

"Uliwaambia wazee wako kisima si chao."

"Kisima kingeweza kurudishwa." Aliutazama ule ubao mweusi ukutani. "Huyu mama nitamrudishia nini?"

Hatukumaliza. Aliketi na kaseti hiyo mpaka alasiri bila kutengeneza kitu kingine, nami nilitoka nikarudi, nikatoka nikarudi, mpaka tuktuk iliposimama nje na dereva wake kijana akasema, "Ayeeyo, tumefika. Shuka polepole, hakuna haraka."

"Haraka ninayo mimi," Ayeeyo akamjibu. "Nimengoja tangu hujazaliwa."

Akaingia, akaketi, akaweka bakora magotini. Mshale ulikuwa kwenye sita. Mwalimu alinitazama mara moja. Kisha vidole viwili vikaishika kofia ya manukato, vikazungusha, na mtu asiyekisia, asiyeongeza, asiyepunguza, akautua mshale kwenye nne.

Hoo-yo.

"Ndiye," akasema Ayeeyo. "Huyo ndiye." Machozi yalimtoka bila sauti. Alisikiliza upande wote wa kaseti, akivitazama vigurudumu vyake vikizunguka, kichwa amekiinamisha kidogo, kama anavyomtazama mnyama anayechechemea kundini. Kaseti ilipokwisha alimwombea Mwalimu dua ndefu, yeye na watoto wake. Mwalimu alitazama chini. Hakusema amina.

Sikumsamehe. Au niseme sikujua ni nini nilichopaswa kumsamehe, kwa kuwa na mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni na mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Sikupita tena nyuma ya soko. Nilikaa na Ayeeyo miaka miwili mingine, nikimmiminia chai asubuhi nikiwa na siri hiyo chini ya ulimi, nikiogopa kila aliponiita kwa jina. Kitu kimoja tu niliona: hakuiga tena ile sauti. Nilidhani ni kwa kuwa kiu yake ilikuwa imekatika.

Alifariki mwaka jana, usingizini.

Mwezi uliopita nilibeba redio na kaseti nikaenda Balambala. Mwalimu anaishi huko sasa kwa binti yake, karibu na mto, macho yakiwa yamemwacha. Nilitaka kumsikia baba kwa volti sita, sasa kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuumia, na kisanduku kinachoaminika ninakijua kimoja. Nilimkuta ameketi kivulini mwa ukuta, kikoi kimepigwa pasi. Nilisema salamu tu.

"Nne iliyoinama," akasema. "Keti."

Kisanduku kilikuwa chini ya kitanda chake. Binti yake akakileta pamoja na chai, nami nikaanza kuunganisha nyaya. Alisikiliza mikono yangu kwa muda, kisha akasema kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana, "Ayeeyo yako alirudi, unajua."

Mikono yangu ikasimama.

"Siku ya tatu. Peke yake, na tuktuk ileile. Aliniambia, 'Macallin, mwalimu wangu, nimechunga tangu sijaota meno. Namjua mnyama anayetembea na kiu. Ile mashine yako ilikuwa na kiu. Inyweshe.'"

"Ukafanya nini?"

"Aliuliza. Nikaweka sita."

Chai ilinimwagikia gotini na sikuisikia. Nilimuuliza alisema nini.

"Tuliicheza mara tatu. Mara ya kwanza alivitazama tu vile vigurudumu. Mara ya pili aliuliza, 'Anacheka?' Nikasema ndiyo, Hooyo, anacheka. Mara ya tatu alicheka pamoja naye, akajifunika uso na shela. Kisha akasema, 'Basi nilimwita akiwa mzima.'" Mwalimu alizungusha tasbihi mkononi. "Nilitafuta neno la kumwambia. Sikulipata. Mpaka leo sijalipata."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinishika mkono. Mwanamke wa umri ule, akanishika mkono. Akasema, 'Msichana asijue. Atanihurumia, na sitaki kuhurumiwa na mtoto niliyemlea mimi.' Nikamwahidi mpaka atakapozikwa. Halafu nikakungoja uje kuuliza. Hukuja."

Miaka miwili. Asubuhi zote zile, mimi nikimmiminia chai nikimlinda, naye akiipokea akinilinda. Alikuwa amejua. Alikuwa amelala usingizi, au alikuwa amelala akinidanganya, kwenye kitanda kilicho hatua nne kutoka kwangu. Sikuweza kuinua kichwa. Nilishika kofia ya dhahabu nikazungusha mpaka mshale ukatua kwenye sita niliyoiandika nikiwa msichana, nikabonyeza.

"Hooyo, ni mimi. Usinicheke."

Mwalimu alitabasamu kuelekea ilipotoka sauti. Tulimsikiliza akinenepa, tukamsikiliza akificha kitambaa chekundu chini kabisa. Alipoanza kucheka tena na yule mtu wa nyuma yake, sikuweza kuvumilia zaidi, nikakizima kisanduku.

Lakini ngamia walikuwa wameshiba. Kwa pumzi moja baba aliendelea kucheka bila umeme. Kisha kicheko kikalegea, kikashuka, kikawa kizito, na kabla hakijanyamaza kilipita kwenye sauti ya Ayeeyo, ile aliyoniigia utotoni, mtu yuleyule, kinywa kilekile, maji begani. Ndipo kukawa kimya. Bila kufikiri nikanyoosha mkono kwenye kifuniko.

"Hesabu," akasema Mwalimu.

Tukahesabu, yeye kwa tasbihi, mimi kwa vidole. Tulipofika thelathini na tatu, nikawasha tena.